Fyuzi ya laki nne au zulia? Tumejaribu vyote sebuleni Ilazo

Shem wangu kaja Jumapili na fyuzi. Nasema fyuzi moja, sio pakiti, imelazwa ndani ya kiboksi kama cha pete ya uchumba, sponji nyeusi, na kikaratasi kimekunjwa mara tatu kinachoeleza upande upi uelekee ukutani na upi uelekee amplifaya. Kaagiza Marekani, mpaka imemfikia huku Dodoma imekula kama laki nne. Mama watoto alikuwa anapita na sinia la chai akasikia bei, akasimama, akasogea kuangalia vizuri, akasema "shemeji hiki si kama kile kidonge cha rangi mbili cha antibayotiki?" Na kweli urefu unakaribiana, fyuzi yenyewe ni milimita 20 kwa 5.

Sasa swali hili la fyuzi nimeulizwa sana na watu wanaojua napenda mziki wa nyumbani, mtu anakwambia nina laki nne, niiweke wapi, fyuzi, stabilaiza, niuze spika nichukue zingine, au nifanyeje. Kwahiyo nimeamua nilinganishe vitu nilivyovishika mwenyewe, tena kwenye nyumba zetu hizi hizi, kuta za tofali, marumaru chini, jipsamu juu, madirisha ya alumini, maana ushauri mwingi unaousoma umeandikwa na mtu anayekaa kwenye chumba cha mbao chenye kapeti ukuta hadi ukuta, na hapo ndo watu wanapotea.

Mziki wangu wenyewe sio wa kutisha. Amplifaya ya mtumba ya Japani wati 60 kila upande, spika mbili za sakafuni, na fyuzi yake inakaa kwenye kidroo kidogo nyuma, pale pale unapochomeka waya wa umeme. Hii ilitusaidia sana kwenye kujaribu, hamna kufungua mfuniko.

Fyuzi ya buku

Kazi ya fyuzi ni moja tu, ikatike kabla nyumba haijaungua. Ndani kuna uzi mwembamba, umeme ukizidi uzi unapata moto unayeyuka, mziki unazima, wewe unaenda dukani. Hapa Dodoma unaipata kwa jero mpaka buku na wengi wanaishia kuangalia namba ya ampea tu, herufi hawaangalii, na herufi ndo zenye mambo.

Ya kwangu imeandikwa T3.15AL250V. Ile T maana yake ni ya kuchelewa, inavumilia ule mshtuko wa mwanzo, kwa sababu amplifaya yenye transfoma kubwa ukiwasha inakunywa umeme mwingi kwa kitambo kifupi sana halafu inatulia. F ni ya haraka, haina uvumilivu. Mimi nimewahi kununua F bila kujua, nimebonyeza swichi, pa! Nikajua labda ilikuwa mbovu, nikaweka ya pili, pa! Ya tatu ndo nikaanza kuwaza amplifaya imekufa, nikaibeba kwa bodaboda mpaka kwa fundi, kumbe shida ni herufi moja. L na H nazo zinahusu uwezo wa kukata shoti kubwa: kwa hizi ndogo za kiwango cha IEC (viwango vya kimataifa vya vifaa vya umeme), L inakata mpaka ampea 35 au mara kumi ya namba yake, inayokuwa kubwa kati ya hizo, H ambayo mara nyingi ni ya seramiki yenye mchanga ndani inafika ampea 1,500. Nyuma ya mashine pakiandikwa H usiweke ya L ya kioo, ikitokea shoti ya kweli kioo kinaweza kupasuka na umeme ukaendelea kupita kwa cheche.

Kingine watu hawajui, fyuzi ya ampea 3.15 haikatiki ukigusa 3.16. Kwa kiwango hicho hicho inatakiwa ivumilie mara moja na nusu ya namba yake kwa saa nzima bila kukatika. Kwahiyo ukisikia mtu anakushauri "panda ngazi moja, weka ya 4, mziki utapumua", ujue anakuondolea ulinzi uliokuwa na nafasi ya kutosha tangu mwanzo. Na usicheke ukadhani hilo ni la mafundi wa mtaani tu, hata kwenye fyuzi za bei mbaya wapo wanaoshauri hivyo.

Nikisema mafundi wa mtaani nina sababu. Kuna amplifaya niliwahi kuletewa imetoka kutengenezwa, nafungua kidroo nakuta fyuzi imevalishwa nyuzi za shaba za waya wa ekstensheni, zimesokotwa vizuri kabisa kama msuko wa harusi. Mwenye nayo anasema toka itengenezwe inapiga vizuri kuliko zamani. Itapiga tu, haina kizuizi, siku ya siku itapiga na pazia.

Fyuzi ya laki nne

Majina utakayokutana nayo ni kama Synergistic Research, Furutech, Hi-Fi Tuning, na bei zinaanzia makumi ya dola zinapita mia, mia mbili, na zipo zinazovuka dola elfu kwa kipande kimoja. Wanachokuuzia ni vichwa vilivyopakwa dhahabu, fedha au rodiamu, uzi wa madini bora zaidi, kugandishwa kwenye baridi kali sana, na huo mwelekeo, kwamba ukiigeuza sauti inabadilika.

Niseme wazi hili la mwelekeo mimi limenishinda. Umeme wa ukutani ni wa hezi 50, unageuza mwelekeo mara 100 kila sekunde moja. Hauna kwenda wala kurudi wa kudumu, sasa mshale kwenye fyuzi unamwelekeza nani? Shem ananijibu "usikilize, usihesabu". Sawa, ila acha nihesabu kidogo halafu tutasikiliza.

Fyuzi kama hii ina ukinzani wa sehemu ndogo tu ya omu, tuchukue 0.03. Amplifaya yangu kwa sauti ya kawaida ya jioni inavuta kama ampea 0.3. Zidisha, unapata volti 0.009 zinazopotea kwenye fyuzi, kati ya 230. Waya wa soketi ukutani, ule wa milimita mraba 2.5, una omu kama 7.4 kwa kilomita, na kutoka kwenye mita ya LUKU mpaka sebuleni kwangu ni kama mita 15 kwenda na 15 kurudi, hiyo ni omu 0.22. Yaani waya wa ndani ya ukuta peke yake unaizidi fyuzi mara saba, bado hujahesabu waya wa kutoka nguzoni, na bado hujafika kwenye transfoma ya mtaa. Ukiwa na fyuzi ya ukinzani sifuri, ya mbinguni kabisa, umerekebisha kipande kidogo sana kwenye mnyororo. Na baada ya fyuzi umeme unapita transfoma, daiodi, unaingia kwenye makapasita makubwa, ndo unakuwa umeme wa kutumika na mziki. Fyuzi ya njia ya umeme wa ukutani haigusi sauti, inagusa chakula cha anayetengeneza sauti.

Ila kuna sehemu wanaotetea fyuzi wana hoja ya kweli na ni vizuri kuwapa haki yao. Uzi wa fyuzi ukipata joto ukinzani wake unapanda, ukipoa unashuka. Sasa baadhi ya amplifaya za zamani ziliweka fyuzi kwenye njia ya kwenda spika yenyewe, na hapo besi nzito ikipita taratibu uzi unapata joto na kupoa pamoja na mziki, na uharibifu huo unapimika kwa vifaa. Mdogo, lakini upo. Tatizo watu wanaichukua hoja hiyo ya njia ya spika wanaihamishia kwenye njia ya umeme wa ukutani ambako hali ni nyingine kabisa.

Haya, tukasikilize.

Mara ya kwanza tuliiweka wote tunaona. Tukapiga dansi la zamani, magitaa matatu yanapishana na tumba kwa nyuma. Shem akafumba macho, akainua kidole, "umesikia hiyo tumba?" Na mimi, sidanganyi, nilisikia. Tumba ilikuwa imesogea mbele, ina ngozi. Nikakaa kimya kwa sababu nilikuwa nimeshajiandaa kucheka.

Ndo tukamwita binti yangu wa darasa la sita. Kazi yake kurusha sarafu, ikiangukia kichwa anaweka ya shem, ikiangukia upande mwingine anaweka ya buku, anaandika kwenye daftari lake la nyuma la hesabu. Sisi tunatoka nje barazani kila anapobadilisha, na kila mara anazima, anachomoa waya kabisa ukutani, anasubiri dakika nzima ndo avute kidroo, nilimsimamia raundi mbili za mwanzo mpaka nikaridhika (tafadhali usimpe mtoto kazi hii kama fyuzi yako iko ndani ya mfuniko, makapasita yanabaki na umeme hata ukichomoa). Raundi kumi, wimbo ule ule, sauti isiguswe. Ilituchukua karibu saa mbili na chai ilipoa.

Shem kapata sita. Mimi nne. Raundi ya nne shem alisema "hii ndo yangu, hapa hata usiniulize", ilikuwa ya buku. Ile tumba yenye ngozi niliisikia tena raundi ya tano na ya nane, moja ilikuwa ya shem, moja ya buku.

Shem akasema sita ni zaidi ya nusu. Kweli, ila mtu anayebahatisha kwa sarafu akiwa amelala usingizi anapata sita au zaidi karibu mara nne katika kila majaribio kumi ya namna hii. Ukitaka nianze kukuamini nipe tisa kati ya kumi, hapo bahati pekee inafika kama mara moja kwa mia. Akajibu kitu ambacho nakiona kina uzito, kwamba mtihani unamharibia masikio, anasikiliza kwa hofu badala ya kustarehe. Pia kumbukumbu ya sauti ni fupi, dakika moja ya kusubiri inatosha kufuta vitu vidogo. Nakubali. Lakini maneno ya wanaouza ni kwamba tofauti ni kama kufunguliwa dirisha, na dirisha likifunguliwa dakika moja baadaye bado unaona nje. Nikampa njia ya pili, awe mke wake anabadilisha kila wiki bila kumwambia, yeye anaandika tu wiki ipi aliifurahia zaidi. Hajaanza bado.

Upande wa pili kuna rafiki yangu fundi wa redio kule Chang'ombe, nilipomsimulia alicheka mpaka akaweka chini pasi ya kulehemu, akasema ujinga mtupu. Nikamuuliza umewahi kuisikiliza? Hajawahi. Hilo nalo silipendi. Mtu asiyesikiliza na mtu asiyepima wananichosha sawa sawa.

Kingine kidogo kabla sijasahau, jaribu hiki cha bure: chomoa umeme, toa fyuzi yako ya zamani, futa vichwa vyake na vile vishikio kwa kitambaa kikavu, rudisha ile ile. Vumbi letu la Dodoma linaingia kila mahali, kiangazi upepo ukianza hata kitasa cha sauti kinakwaruza krrr ukizungusha. Kishikio cha fyuzi chenye kutu au kilicholegea kinapata moto, hilo ni tatizo la kweli, na mtu akivalisha fyuzi mpya amekisafisha bila kujua halafu sifa zinaenda kwa dhahabu.

Stabilaiza

Hapa nitapita haraka. Nilipima soketi yangu kwa multimita wiki nzima, mchana inasoma 232, saa mbili usiku watu wote wamewasha majiko na feni inashuka mpaka 204. Ni volti 28 hizo, tulikuwa tunabishania 0.009.

Lakini usinunue stabilaiza ukitegemea sauti itakuwa tamu. Volti zikishuka hivyo, amplifaya ya kawaida inapoteza nguvu yake ya juu kabisa kama desibeli moja, na wewe ukisikiliza kwa sauti ya kuongea huifikii hiyo juu hata siku moja. Unanunua usalama, basi. Umeme ukikatika ukarudi unarudi na kishindo, stabilaiza yenye kuchelewesha inakaa dakika kadhaa ndo inaruhusu. Ya relei inapiga tak tak na kila tak taa inacheza, ya mota ni tulivu zaidi na bei iko juu, zote zinaweza kuunguruma kidogo kwahiyo iweke mbali na ulipokaa. Na zile mvua za Desemba mpaka Machi zenye radi, hamna stabilaiza wala fyuzi, chomoa ukutani, chomoa na antena ya TV.

Kwa mtu mwenye amplifaya ya mtumba isiyopatikana tena, hii inaitangulia fyuzi ya laki nne kwa mbali sana.

Zulia, tofali na sofa

Sasa njoo sebuleni. Simama katikati piga kofi moja. Kwangu ilikuwa inalia chwiii kama kuku kakanyagwa, sauti inagonga marumaru inaenda kwenye jipsamu inarudi chini, inagonga ukuta huu inaenda ule. Huo mlio upo kwenye kila herufi ya mwimbaji, kila siku, na hamna fyuzi duniani itauondoa.

Nilianza na zulia. Mita 2 kwa 3, la manyoya, soko la Majengo, laki na ishirini baada ya kubishana sana, nikalitandika kati ya spika na sofa. Nikaongeza mapazia mazito badala ya yale ya neti. Piga kofi tena: pa. Kavu. Tulipofanya hili hamna aliyehitaji sarafu, bibi mmoja jirani aliyekuja kuomba chumvi aliuliza mbona redio yenu leo inasikika maneno.

Pili, spika zilikuwa zimebanwa pembeni mwa shokesi, mgongo umegusa ukuta. Ukiziweka kwenye kona besi inavimba, unafikiri ni nguvu kumbe ni chumba. Nimezivuta kama sentimita 60 kutoka ukutani, nikapima kwa kamba, umbali kati ya spika na spika uwe sawa na umbali wa kila spika mpaka kichwani kwangu. Mwimbaji akatoka kwenye spika akasimama katikati pale hamna kitu, shem alinyanyuka kwenda kuangalia kama kuna spika ya tatu. Ile jozi nyingine ndogo ya chumbani nimeziinua kwa tofali za inchi sita, mbili mbili, nikazivalisha kitenge, usicheke, tofali halitikisiki na shokesi linatikisika, glasi zote za wageni zilikuwa zinaimba pamoja na besi.

Besi yenyewe zulia haliitibu, nisikudanganye. Chumba changu ni mita 5 kwa 4, urefu wa mita 5 unavimbisha sauti karibu na hezi 34, upana wa mita 4 karibu na 43. Ngoma ikigonga hapo chumba chote kinaitikia uuum. Dawa niliyopata ya bei rahisi ni kusogeza sofa, lilikuwa limeegemea ukuta wa nyuma, ukutani ndo besi inajaa zaidi, nimelileta mbele kama nusu mita. Nilipiga rekodi ya ngoma za muheme za akina mama wa Kigogo, kabla ilikuwa mngurumo mmoja tu kama lori linapita, sasa unasikia mkono umepiga ngozi na ngoma nyingine ikajibu. Mama watoto hajapenda sofa kukaa katikati, tumekubaliana wageni wakija linarudi.

Jumla ya zulia, mapazia na tofali haikufika laki tatu.

Kwahiyo kama una laki nne na chumba chako bado kinalia chwiii, zulia na mapazia kwanza, wala usifikirie mara mbili. Kama chumba kiko sawa na umeme wa mtaa wenu unapanda na kushuka, stabilaiza. Kama spika zenyewe ni za boksi la plastiki, weka hiyo hela utafute za mtumba nzuri, huko ndo kuna tofauti kubwa kuliko vyote nilivyotaja. Na kama una kila kitu, hela haikusumbui na unafurahia kufungua kiboksi chenye sponji nyeusi, nunua fyuzi, ni hela yako na starehe yako, ila hakikisha ina aina ile ile, T kwa T, ampea ile ile, H kwa H, na ina alama za kupimwa na taasisi za viwango kama VDE au UL. Vitu vya laki nne visivyo na alama hizo vipo, na nyumba ikiungua hutauliza ilikuwa imegandishwa au haijagandishwa.

Shem kaondoka na yake usiku ule, kaiweka kwenye mziki wake kule Kisasa na anasema kwake tofauti ipo. Sijabishana. Kwangu imebaki ya buku, na nyingine mbili kama hiyo nimezibandika kwa selotepu mgongoni mwa amplifaya, nimeandika kwa kalamu T, kubwa, isije ikanitokea tena.